Takwimu za tabia za watu: maswali ambayo wanafunzi huniuliza mara kwa mara

Msimu wa tasnifu ukiingia, wanafunzi hunifuata na flashi mkononi na swali moja: "Mwalimu, nitumie jaribio gani la takwimu?" Huwajibu kwa swali, nalo huwaudhi: "Dodoso lako liko wapi?" Katika kuwasaidia watu kuchambua data za tabia, kosa la hesabu nimelikuta mara chache, maana hesabu anafanya kompyuta. Kosa huwa nyuma zaidi, pale mtu alipoamua namba 3 isimame badala ya nini. Majibu haya ni ya anayeanza, na mengi yanarudi palepale.

Tabia ya mtu inapimikaje? Mtu si gunia la mahindi.

Unaipima kila siku, ila bila mzani. Ukisema "vijana wa mtaa huu wanabeti sana", umeshapima. Kilichobaki ni kuulizwa: sana ndiyo kiasi gani, vijana wepi, na unawalinganisha na nani? Takwimu zinakulazimisha useme ulichomaanisha, ili mwenzako aende mtaa uleule, ahesabu, akukosoe.

Ugumu uko kwenye kugeuza neno liwe kitu cha kuonekana. Chukua "kuvaa helmeti" kwa bodaboda, jambo ambalo hata halihitaji kuuliza. Simama kwenye makutano nusu saa. Wa kwanza kavaa na mkanda kaufunga. Wa pili kavaa, mkanda unapepea. Wa tatu kaining'iniza kwenye usukani, ataivaa akimwona trafiki. Wa nne kavaa yeye, abiria kichwa wazi. Kama daftari lako lina safu mbili tu, "amevaa" na "hajavaa", kila mmoja wao atakulazimisha kuamua hapohapo, na uamuzi wa saa mbili asubuhi hautafanana na wa saa saba mchana ukiwa na njaa. Kwa hiyo kanuni huandikwa kabla hujatoka nyumbani: "amevaa" maana yake iko kichwani kwa dereva na mkanda umefungwa, basi. Abiria ana safu yake.

Kama helmeti inasumbua hivyo, fikiria "nidhamu" au "ari ya kazi". Mtu akiniletea "nidhamu ya wanafunzi" bila kusema ataihesabu kwa kuchelewa, kwa utoro au kwa maoni ya mwalimu wa zamu, namrudisha akafikirie.

Nimeandika 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke. Kompyuta imenipa wastani wa 1.6. Niuelezeje?

Usiueleze, ufute. (Ukikaza macho utasema asilimia 60 ni wanawake, na ni kweli. Haya, jaribu hivyo kwa safu ya dini yenye namba 1 hadi 4.)

Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani S. S. Stevens alipendekeza ngazi nne za vipimo, na mpaka leo ndizo zinazofundishwa. Ya kwanza ni ya majina: dini, jinsia, mkoa. Namba hapo ni kama namba ya jezi. Ya pili ni ya mpangilio: wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kujua wamepishana kwa umbali gani. Ya tatu ina nafasi zinazolingana lakini sifuri yake ni ya makubaliano, kama nyuzi za Selsiasi. Nyuzi 30 si joto mara mbili ya nyuzi 15. Ya nne ina sifuri ya kweli: shilingi, dakika, idadi ya watoto. Mwenye 2,000 ana mara mbili ya mwenye 1,000, hakuna ubishi.

Ubishi uko kwa yale maswali ya "nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa", yaliyoenezwa na Rensis Likert tangu 1932. Swali mojamoja ni la mpangilio tu: nani kasema kutoka "nakubali" hadi "nakubali kabisa" ni mwendo sawa na kutoka "sina uhakika" hadi "nakubali"? Kwa hiyo kwa swali moja toa asilimia za kila jibu. Ukijumlisha maswali kumi yanayopima jambo moja, wengi hutumia wastani wa ile jumla, na mimi siwapigi vita.

Dodoso nimelitafsiri kutoka Kiingereza. Kuna tatizo?

Huenda yako mengi, na mengine yametoka kwenye Kiswahili chenyewe. Kwanza saa. Mdodosaji anauliza, "Huwa unalala saa ngapi?" Mama anajibu, "Saa nane." Mdodosaji anaandika 8. Sasa, mama analala muda wa saa nane, au anapanda kitandani saa nane usiku? Mdodosaji mwingine, ambaye simu yake inasoma saa za kizungu, akisikia jibu hilohilo anaandika 2. Safu moja, maana tatu, na kompyuta itatoa wastani bila kusita. Dawa yake ni kuuliza siku mahususi: "Jana ulipanda kitandani saa ngapi? Leo umeamka saa ngapi?" Kila mtu aandike saa za Kiswahili, kisha mmoja tu azigeuze ofisini.

Siku nazo zina mtego. Kwa watu wengi wa pwani, hasa Waislamu, usiku wa Ijumaa huanza jua la Alhamisi linapotua. Kwa kijana wa mjini, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Jumamosi. Ukipima nani alikwenda disko na nani alikwenda kwenye dhikri "usiku wa Ijumaa", umepima siku mbili tofauti ukidhani ni moja.

"Una ndugu wangapi?" Huyu atahesabu wa tumbo moja, yule atatia na watoto wa baba mdogo. "Mara kwa mara" kwa mmoja ni kila siku, kwa mwingine kila mwezi. Weka namba: "Katika siku saba zilizopita, siku ngapi…?" Kisha mpe mtu ambaye hajaona dodoso la Kiingereza alirudishe Kiswahili chako kwenye Kiingereza, ulinganishe. Wajaribu nalo watu kumi kabla ya mia tatu. Utaona aibu mapema, ukiwa na muda wa kurekebisha.

Wastani au namba ya katikati, nitumie ipi?

Tuseme umewauliza vijana tisa wametumia shilingi ngapi kubeti wiki iliyopita. Wamejibu: 0, 0, 0, 1,000, 2,000, 2,000, 3,000, 5,000 na 50,000. Jumla 63,000, gawa kwa tisa, wastani ni 7,000. Ukiandika "kijana wa mtaa huu hutumia wastani wa shilingi 7,000 kwa wiki", hesabu ni sahihi, ila wanane kati ya tisa wako chini ya hapo. Mmoja tu ndiye ameubeba wastani mgongoni. Ukiwapanga mstari, wa tano ana 2,000: hiyo ndiyo namba ya katikati. Na jibu linalojirudia zaidi ni 0.

Namba zote tatu ni za kweli, kila moja ina mwenyewe. Kampuni inayokusanya fedha inapenda wastani, kwa kuwa ukiuzidisha kwa idadi ya watu unapata mapato yote. Anayetaka kujua kijana wa kawaida anafanyaje achukue ya katikati. Fedha, muda wa simu, siku za kunywa pombe: tabia nyingi zina mkia mrefu upande mmoja, na hapo mimi hutoa zote mbili.

Usiogope pia desimali. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Hakuna kaya yenye theluthi ya mtu. Hilo ni jambo la kaya zote kwa pamoja.

Mkengeuko sanifu ni nini hasa?

Ni kipimo cha jinsi watu walivyotawanyika kutoka kwenye wastani. Vyumba viwili vya bweni: cha kwanza wamelala kwa muda wa saa 6, 7, 7 na 8, cha pili 3, 5, 9 na 11. Wastani kote ni saa 7. Toa wastani kutoka kila namba, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawa kwa idadi ya watu ukiondoa mmoja, tafuta kipeo cha pili. Chumba cha kwanza utapata kama 0.8, cha pili kama 3.7. Matroni akisoma wastani peke yake atadhani vyumba vyote viko salama.

Ukirudi kwa vijana wa kubeti, mkengeuko wao ni karibu 16,200, zaidi ya mara mbili ya wastani wenyewe. Hakuna anayeweza kubeti chini ya sifuri, kwa hiyo ukiona hivyo ujue kuna mkia mrefu bila hata kuchora grafu. Chora hata hivyo.

Sampuli iwe ya watu wangapi? Msimamizi anataka kanuni ya Yamane.

Mpe. Gawa idadi ya watu wote kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kiwango cha kukosea kilichozidishwa kwa chenyewe. Chuo chenye wanafunzi 1,200, kukosea asilimia 5: 1,200 mara 0.05 mara 0.05 ni 3, jumlisha moja ni 4; 1,200 gawa kwa 4, watu 300. Chuo chenye 12,000 utapata 387. Mji wa watu milioni moja, 400. Angalia hapo: watu wameongezeka mara mia nane na zaidi, sampuli imeongezeka kwa theluthi. Anayesema "nchi ni kubwa, watu 1,000 hawatoshi" anapaswa kuulizia kitu kingine: hao 1,000 wamepatikanaje?

Kanuni hiyo inadhani umechagua kwa bahati nasibu na unatafuta asilimia moja tu. Ukitaka kulinganisha wavulana wa mwaka wa kwanza na wasichana wa mwaka wa tatu, 300 inakatikakatika hadi vikundi vya 40. Na kupunguza kosa kwa nusu kunadai watu mara nne: 100 hukupa kosa la kama asilimia 10 huku na huku, 400 asilimia 5.

Kuhusu wingi bila uwakilishi, hadithi ya kufundishia ni ya Marekani 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10 hivi kuuliza nani atashinda urais, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatangaza Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitoka sana kwenye orodha za wenye simu na magari, katika miaka ya shida ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Leo mtu anaweka kiungo cha dodoso kwenye makundi ya WhatsApp, anapata majibu 900, anaandika "Watanzania wanaona…" Ni Literary Digest ileile, bando tu ndilo limeongezeka.

Watu wakiulizwa wanasema kweli?

Wengine wanadanganya. Wengi zaidi wanakustahi. Umefika nyumbani kwa mtu na kitambulisho shingoni, amekupa kigoda, unamuuliza kama hunawa mikono kwa sabuni akitoka chooni. Unategemea ajibu nini? Mahali adabu inamtaka mwenyeji asimvunje mgeni, "ndiyo" ni rahisi sana. Ndiyo maana watafiti wa usafi hupenda kuangalia kama kuna maji na sabuni pale pa kunawia, badala ya kutegemea maneno. Sabuni iliyokauka ikapasuka hujibu yenyewe.

Ukichagua kuangalia, weka waangalizi wawili kisha pima wanakubaliana kiasi gani, lakini usitosheke na asilimia. Tuseme wamehesabu madereva 100: kwa 85 wote wamesema "amevaa", kwa 5 wote wamesema "hajavaa", kwa 10 wametofautiana. Makubaliano asilimia 90, unafurahi. Ila kwa kuwa kila mmoja alisema "amevaa" mara 90, hata wangejaza daftari kwa kubahatisha tu wangekubaliana kama asilimia 82. Kapa ya Cohen, kipimo cha 1960, huondoa hiyo ya bahati: 90 toa 82, gawa kwa 100 toa 82. Ni 0.44, ya wastani tu. Kaeni tena chini mjadili ule mkanda unaopepea.

Alfa ya Cronbach yangu ni 0.85. Kipimo changu ni sahihi, sivyo?

Ni thabiti, si lazima kiwe sahihi. Mzani wa muuza nyama uliochezewa hukosea gramu 100 kila siku bila kubadilika. Uthabiti wake ni wa kupigiwa mfano. Alfa (1951) inakuambia maswali yako yanakwenda pamoja. Kama yanapima upweke au yanapima mtu aliyechoka kujazishwa dodoso, haijui.

Thamani ya p ni nini, na kwa nini 0.05?

Mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyekuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikutana na mwanamke aliyedai anatambua kwa ulimi kama maziwa yametangulia kikombeni au chai imetangulia. Jaribio lenyewe: vikombe vinane, vinne hivi na vinne vile, vimechanganywa, avitenge. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Asiyejua lolote atapatia vyote kwa uwezekano wa 1 kwa 70, yaani 0.014. Hiyo ndiyo p: kama kweli hakuna kitu, matokeo kama haya au makali zaidi yangetokea kwa bahati mara ngapi?

Fanya nyumbani kwa shangazi anayeapa kwamba anatambua wali wa kuni na wa gesi. Utaielewa p kuliko kwa mihadhara mitatu.

Isome kwa uangalifu: p ya 0.03 haisemi kuna asilimia 97 kwamba dhana yako ni kweli, wala haisemi athari ni kubwa. Ukiwa na watu 50,000, tofauti ya dakika moja ya usingizi inaweza kupata p ndogo sana, na dakika moja haimwamshi wala kumlaza mtu. Mpaka wa 0.05 ni mazoea yaliyoenea kutokana na kitabu cha Fisher cha 1925. Mwaka 2016 Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko kikionya watu wasifanye uamuzi kwa kuangalia tu kama p imevuka mpaka. Andika ukubwa wa tofauti kwanza, p baadaye.

Nimewapa adhabu waliofanya vibaya, mtihani uliofuata wakapanda. Si ushahidi huo?

Swali hili huja kutoka kwa walimu, na jibu lake huwa halipendwi. Chukua darasa la 80, toa jaribio la hisabati, chagua kumi wa mwisho. Kwa nini wako mwisho? Wengine hawajui. Wengine wanajua ila siku ile malaria ilikuwa imewakamata, au hawakulala kwa ajili ya msiba, au waliyoyasoma hayakutoka. Kwenye jaribio la pili wale wasiojua watabaki, lakini bahati mbaya ya siku ile haitawarudia wote kwa pamoja. Kundi litapanda. Litapanda ukiwachapa, ukiwanunulia soda, ukiwaacha walivyo.

Na kumi wa juu, uliowasifu mbele ya paredi? Watashuka kidogo, kwa sababu hiyohiyo ikigeuzwa. Kwa hiyo mwalimu anaona kwa macho yake, mwaka baada ya mwaka, kwamba kiboko kinapandisha na sifa inashusha. Hajaona uongo, ameona jambo lenye jina, kurejea kwenye wastani, ambalo Francis Galton alilieleza mwaka 1886 akilinganisha urefu wa wazazi na watoto: watoto wa wazazi warefu mno walikuwa warefu, lakini kwa wastani si kama wazazi wao. Ukitaka kujua kiboko kinafanya nini, chukua wale kumi, wagawe kwa kura, watano uwaache. Binafsi ningetumia muda huo kuwauliza kwa nini hawakulala.

Uhusiano nimeupata, kipimo chake r ni 0.6. Naweza kusema hiki kimesababisha kile?

Hapana. Miezi ya masika miavuli huuzwa sana na malaria hupanda, usichome miavuli. Kitu cha tatu, mvua, kinavisukuma vyote viwili. Na wakati mwingine mshale umegeuka: wenye msongo hushinda kwenye simu, au kushinda kwenye simu kunaleta msongo? Dodoso la siku moja haliwezi kukujibu.

Njia imara ni kugawa kwa bahati. Busia, Kenya, kuanzia 1998, shule 75 za msingi zilipangwa kwa alfabeti kisha zikagawiwa kwa zamu (si kura hasa, ila inaikaribia) makundi matatu ya shule 25, kila kundi likaanza kupewa dawa za minyoo kwa wakati wake. Waliosubiri wakawa wa kulinganishia. Edward Miguel na Michael Kremer waliandika mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo. Baadaye wengine walizichambua upya data hizo wakabishana kuhusu ukubwa wa matokeo, na ubishi huo ulifanyika hadharani kwa kuwa data zilitolewa. Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Nobeli ya uchumi mwaka 2019.

Matokeo yangu hayana maana kitakwimu, p imezidi 0.05. Nitafeli?

Hupaswi kufeli, na ukishawishika kubadilisha maswali hadi p itii, rudi nyuma. Mwaka 2015 watafiti wengi walishirikiana kurudia tafiti 100 za saikolojia. Za mwanzo, 97 kwa mia zilikuwa na p nzuri. Ziliporudiwa, 36 kwa mia. Tafiti zilizokosa kitu zilikuwa zimefungiwa droo, zilizopata ndizo zilizochapwa. Andika "sikupata tofauti", toa na kiwango chako cha kukosea.

Nitumie programu gani?

SPSS inafundishwa sana ila leseni yake ni ghali. Jamovi na JASP ni za bure na zinafanana nayo; R ni ya bure pia, itakutoa jasho mwezi wa kwanza. Kukusanya data kwa simu, KoboToolbox. Kibali cha utafiti usisahau: cha tume ya sayansi ya nchi, COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, na cha maadili juu yake.

Programu yoyote utakayotumia, kitu cha kwanza ni kutazama safu mojamoja: ndogo kabisa ni ngapi, kubwa kabisa ni ngapi. Nilijifunza hilo kwa aibu. Nilikuwa na wanafunzi 40 wa mwaka wa pili, wanne hawakutaja umri, nami kwa mazoea nikawaandikia 99 kama alama ya "hakujibu". Sikuiambia kompyuta. Nikasimama mbele ya watu na jedwali linalosema wastani wa umri ni miaka 31.5, nikaanza kufafanua kwamba siku hizi watu wazima wanarudi masomoni. Nilikuwa na sababu tatu, zote nzuri. Dada mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza hao wanafunzi wenye miaka 99 wanalala bweni gani. Nikafungua data palepale, nikawatoa wale wanne. Wastani ukawa 24.